Karen Blixen: Aliandika stori kali zaidi ya dishi duniani, lakini shefu wake wa ukweli aliachwa Nairobi bila kazi

Tajia msee yeyote wa Nairobi jina Karen. Kitu ya kwanza itamjia kwa akili ni keja za mamilioni, ua mrefu, geti nyeusi na mbwa wakubwa kuliko mtoto wa darasa la tatu. Wachache wanajua kwamba nyuma ya hilo jina kuna mwanamke wa Denmark aliyekuja hapa 1914 kulima kahawa, akaishiwa na doo, kisha 1931 akarudi kwa mamake mikono mitupu.

Wachache zaidi wanajua hii: huyo mwanamke ndiye aliandika Babette's Feast, stori ambayo watu wa jikoni huitaja kila mara ubishi ukianza kama kupika ni sanaa ama ni kibarua tu. Stori yote ni kuhusu mpishi na dishi moja ya usiku mmoja. Ikafanywa muvi, muvi ikabeba Oscar, hadi Papa Francis akaitaja kwa waraka rasmi wa Kanisa.

Sasa sikiza vile mambo iko. Mwanamke aliyeandika hiyo stori alikufa akiwa mifupa tu, tumbo lilikuwa limekataa chakula. Na shefu aliyemwonyesha mpishi mwenye kipaji anafanana aje hakuwa wa Paris. Alikuwa kijana Mkikuyu aliyekuwa akichunga mbuzi chini ya milima ya Ngong. Jina lake Kamante Gatura.

Kaa chini nikupe yote.

Msichana wa Rungsted

Alizaliwa Aprili 17, 1885, kijiji cha Rungsted kando ya bahari, si mbali na Copenhagen. Jina la kuzaliwa ni Karen Christentze Dinesen. Familia ilikuwa na pesa, lakini pesa haizuii shida kuingia kwa nyumba. Babake, Wilhelm, mwanajeshi na mwandishi, alijitoa uhai 1895. Karen alikuwa hajafikisha miaka kumi. Yeye ndiye alikuwa karibu na mzee kuliko wote.

Alikua akichora. Akaenda shule ya sanaa Copenhagen na plani yake ya kwanza maishani ilikuwa awe mchoraji, si mwandishi. Hiyo mkono haikupotea. Ukiingia makumbusho yake pale Karen utapata nakala za picha alizochora akiwa Kenya, nyuso za Wakikuyu na Wasomali waliokuwa wakiishi na kufanya kazi kwa shamba lake.

Mapenzi nayo ilimchezea. Alimpenda baroni mmoja wa Uswidi, akakataliwa, akaishia kuchumbiwa na ndugu pacha wa huyo jamaa, Bror von Blixen-Finecke. Bror hakuwa na doo ila alikuwa na jina kubwa na mdomo mtamu. Familia ya Karen ikatoa mtaji. Wawili wakaamua kuja Afrika Mashariki kutafuta maisha. Alishuka meli Mombasa Januari 1914, na tarehe 14 mwezi huo huo wakafunga ndoa hapo hapo Mombasa. Siku moja tu na akawa baronesi.

Kahawa iliyokataa

Mpango wa kwanza ulikuwa ng'ombe. Bror akabadilisha njiani bila kuuliza mtu, akanunua shamba la kahawa. Mwishowe kampuni ya familia, Karen Coffee Company, ilikuwa na ekari kama 6,000 chini ya Ngong, na karibu 600 ndizo zilipandwa kahawa.

Sehemu hiyo, kusema ukweli, haikuwa ya watu wa Denmark kuuziana. Serikali ya kikoloni ilikuwa imechukua ardhi, ikawapa masetla, na Wakikuyu waliokuwa wakiishi humo wakaitwa maskwota. Ukitaka kulima kashamba kako na kuchunga mbuzi zako, ulilazimika kumfanyia mzungu kazi siku kadhaa kila mwaka. Weka hii kwa akili, tutairudia.

Kahawa yenyewe ilikuwa noma. Karen iko juu sana, kunapiga baridi, mvua haitabiriki na udongo ulikuwa na asidi nyingi. Kahawa nzuri inatoka Kiambu na Thika, si pale. Lakini nani angewaambia? Mwaka baada ya mwaka mavuno yalikuja kidogo. 1923 kiwanda cha kahawa kikashika moto. Deni likapanda.

Ndoa nayo haikudumu. Bror alikuwa mtu wa kuwinda wanyama na kuwinda madem. Kabla ya hata mwaka mmoja na nusu kuisha, Karen alikuwa mgonjwa wa kaswende, na enzi hizo hakukuwa na penisilini. Alipewa dawa za zebaki na aseniki. Huo ugonjwa, na hizo dawa, vilimfuata maisha yake yote. Waliachana, na talaka ikakamilika 1925. Yeye akabaki kusimamia shamba peke yake, kitu ambayo enzi hizo ilikuwa karibu haisikiki kwa mwanamke.

Baadaye akampenda Denys Finch Hatton, Mwingereza wa safari na ndege. Hii sehemu unaijua, kwa sababu ndiyo Hollywood ilichukua. Sisi twende jikoni.

Kijana wa mbuzi

Nyumba ya Karen inaitwa Mbogani, na bado iko. Jikoni ilikuwa nje, mbali kiasi na nyumba kubwa, kama zilivyokuwa nyumba nyingi za masetla. Mzungu hakutaka moshi wala kelele karibu na meza yake.

Siku moja akizunguka shamba alikutana na mtoto akichunga mbuzi. Mguu wote ulikuwa vidonda. Alikuwa kama wa miaka tisa hivi, lakini mwili ulikuwa wa mtoto mdogo zaidi. Huyo ndiye Kamante, mtoto wa maskwota. Karen alikuwa na kakliniki kake ka asubuhi nje ya nyumba, akajaribu kumtibu, akashindwa. Akampeleka hospitali ya misheni ya Waskoti kule Kikuyu, ile tunaita Thogoto. Mtoto akakaa miezi mitatu.

Kurudi kwake kulikuwa na mbwembwe. Alikuja siku ya Pasaka miguu imefungwa bendeji za zamani. Baronesi akadhani hajapona. Kumbe kijana alizifunga makusudi. Akaanza kuzifungua moja moja, polepole, mpaka mguu ukatokea msafi kabisa. Alijua kuandaa kitu na kukifunua kwa wakati wake. Mpishi alikuwa tayari ndani yake hata kabla ya kushika sufuria.

Alianza kwa kuangalia mbwa wa nyumba. Kisha akawa msaidizi wa kliniki. Mpishi mzee wa nyumba, Esa, alipofariki, jikoni ikawa ya Kamante.

Karen mwenyewe alikuwa anajua chakula. Katika safari moja ya nyumbani alichukua masomo kwa shefu Mfaransa wa hoteli kubwa, kwa sababu alitaka kula vizuri Afrika. Hayo masomo ndiyo alikuja kumpa Kamante. Na kijana akamshangaza.

Kwanza, hakuwa anasoma. Vitabu vya mapishi kwake vilikuwa karatasi tu. Kila kitu alikiweka kwa kichwa. Kila sosi aliipa jina la kitu kilichotokea siku aliyofundishwa. Kuna sosi iliitwa kwa radi iliyopiga mti. Kuna nyingine iliitwa kwa farasi wa kijivu aliyekufa. Ukifikiria, hiyo ni akili ya mtu ambaye kwao historia haiandikwi, inabebwa na matukio. Wazee wa Kikuyu waliita marika yao ya tohara hivyo hivyo, kwa njaa, kwa nzige, kwa ugonjwa. Yeye alifanya hivyo na sosi za Paris.

Pili, vifaa vya kizungu hakuvihitaji. Mashine ya kupiga mayai iliachwa ipate kutu. Alichukua kisu cha kupalilia nyasi, akapiga ute wa mayai nacho mpaka ukasimama.

Tatu, na hapa ndipo mambo inakuwa deep, hicho chakula hakukipenda. Aliionja sosi kwa wasiwasi, kama mtu anayejaribu dawa. Akitoka jikoni alienda kula mahindi ya kwao. Yaani kijana alitengeneza dishi ambazo wageni walitoka Nairobi kuja kuzila, na yeye hakuona maana ya hizo dishi. Alikuwa anaijua kazi hiyo kwa mkono, kwa jicho na kwa kumbukumbu, bila ulimi wake kuhusika.

Sifa ikaenea. Wakati huo mtu kutoka tao hadi Ngong alikuwa anakula vumbi maili kumi na zaidi, lakini watu walikuja. Chakula cha jioni Mbogani kikawa kitu ya kuongelewa.

Mtoto wa mfalme kwa meza

Novemba 1928 ikaja siku kubwa. Prince wa Wales, yule Edward ambaye baadaye alikuwa mfalme kisha akaachia taji kwa sababu ya mwanamke, alikuwa Kenya kwa safari. Akakubali kula Mbogani. Jikoni alikuwa Kamante, kijana mdogo bado. Nje kulikuwa na ngoma ya Wakikuyu, ndani kulikuwa na mishumaa na glasi.

Prince akasifu sosi moja ya matunda inayoliwa na nyama ya nguruwe. Baronesi akampelekea Kamante hiyo sifa. Kwa kawaida kijana hakuwa na haja na sifa za wazungu, lakini hii aliisikiliza hadi mwisho. Muda mrefu baadaye alirudi kuuliza kama mtoto wa mfalme bado anaikumbuka hiyo sosi.

Soma hiyo tena. Kijana ambaye babake hana haki na ardhi anayolala, anataka kujua kama mrithi wa himaya iliyochukua hiyo ardhi anakumbuka ladha yake. Kuna kiburi cha msanii hapo. Pia kuna uchungu, hata kama yeye hakuuita hivyo.

Mpishi na mbwa

Hatuwezi kupita bila kusema hii. Karen aliandika kuhusu Kamante kwa upendo, hiyo ni ukweli. Alimwita kipaji, akampa kurasa nyingi za kitabu chake Out of Africa. Lakini kuna mahali anaelezea vile Kamante alikuwa akimletea zawadi ya chakula cha kwao, kiazi kitamu cha kuchoma ama kipande cha mafuta ya kondoo. Na hapo anamfananisha na mbwa anayemletea mwenyewe mfupa.

Ngũgĩ wa Thiong'o hakuiachilia hiyo. Aliandika insha kali kuhusu Blixen, na kichwa chake chenyewe kiliweka mpishi na mbwa pamoja. Kwa Ngũgĩ, huo upendo wa baronesi ulikuwa hatari kuliko hata chuki, kwa sababu unamfanya msomaji afurahie huku Mwafrika akiwekwa daraja la mnyama wa nyumbani.

Fikiria tu. Mtu anakuletea kiazi chake cha kuchoma. Hicho ndicho chakula chake cha ukweli, kile anakula akiwa mwenyewe. Amekulisha sosi za kwenu miaka yote, leo anakukaribisha kwa meza yake. Na wewe unaona mfupa. Baronesi alijua kuonja kila kitu isipokuwa hicho.

1931: Kila kitu kinauzwa

Bei ya kahawa ilianguka, dunia nzima ilikuwa imeingia ile dhiki ya uchumi ya miaka ya 30, na familia Denmark ikachoka kutuma doo. Shamba likauzwa kwa dalali aliyetaka kulikata ploti za kujenga. Hizo ploti ndizo Karen ya leo. Wengine hubishana kwamba mtaa uliitwa kwa kampuni na kampuni iliitwa kwa binamu yake, lakini baronesi mwenyewe aliamini ni jina lake.

Mei mwaka huo ndege ya Denys ikaanguka Voi, akafa. Akazikwa juu ya Ngong.

Vitu vya nyumba vikauzwa kimoja kimoja. Lady McMillan, mjane tajiri wa Nairobi, alinunua nyingi. Yeye ndiye alijenga maktaba ya McMillan pale Banda Street, kando ya msikiti wa Jamia, ikafunguliwa mwaka huo huo wa 1931. Baadhi ya fanicha ya Mbogani iliishia humo. Kwa hivyo ukiwa tao ukiona ile jengo ya simba wawili kwa mlango, jua kuna kipande cha hii stori ndani.

Kuna kitu kimoja tunafaa kumpa baronesi. Maskwota wake walikuwa wafukuzwe na kutawanywa. Alizunguka ofisi za serikali miezi mingi, akimsumbua kila afisa mpaka kwa gavana, akitaka wahamishwe pamoja kama jamii. Mwishowe walipewa sehemu ya msitu wa akiba wa Dagoretti. Haikuwa haki, kwa sababu ardhi ilikuwa yao toka mwanzo. Lakini hawakutawanywa.

Halafu akaondoka. Na Kamante?

Hapa ndio stori inauma. Alikuwa shefu wa kiwango cha kulisha wafalme, na akajipata Nairobi ya wakoloni akitafuta kazi. Nani alimtaka? Masetla wengi walitaka mpishi wa nyama ya kuchemsha na viazi. Hakuwa na cheti, hakujua Kiingereza, na hakuna mtu angeamini kijana Mkikuyu akisema alimpikia Prince wa Wales. Ni kama leo uende kuomba kazi kibanda cha chipo Kawangware ukisema ulikuwa shefu wa ikulu.

Alimwandikia baronesi barua. Hakujua kuandika, kwa hivyo alienda tao, nje ya posta, ambako waandishi wa barua walikaa na meza ndogo, kalamu na wino. Unalipa, unasema, yeye anaandika kwa Kiingereza chake. Zile barua zilifika Denmark. Moja ya habari zake ilikuwa kwamba amekaa bila kazi muda mrefu. Baronesi alielewa mara moja kosa liko wapi. Aliandika kwamba alimfunza mpishi wa kifalme kisha akamwacha kwa koloni changa isiyojua thamani yake.

Hiyo sentensi moja ya maisha yake ndiyo naona ilizaa stori yote ya baadaye.

Babette

Nyumbani Rungsted, akiwa na miaka 46, bila mume, bila pesa, akaanza kuandika kwa jina la Isak Dinesen. Kitabu cha kwanza cha hadithi kilitoka Marekani 1934 na kikavuma. Out of Africa ikafuata 1937. Akawa nyota.

Lakini nyota pia hulipa bili. Baada ya vita vya pili vya dunia, inasimuliwa kwamba rafiki Mwingereza alimwekea beti: kama anataka kuuza stori kwa magazeti ya Marekani, aandike kuhusu chakula, Wamarekani wanapenda chakula. Akaandika. Gazeti la kwanza likakataa. Mwishowe Ladies' Home Journal, gazeti la kina mama, likaichapisha 1950. Ndiyo Babette's Feast.

Stori iko hivi. Kijiji cha baridi kule Norwe, wazee wa dini kali wanaoamini raha ya mwili ni dhambi. Wadada wawili wazee, watoto wa mchungaji aliyekufa, wanampokea mkimbizi kutoka Paris. Anaitwa Babette. Ni 1871, mapinduzi ya Paris yamezimwa kwa damu, mume na mtoto wake wa kiume wameuawa. Wadada wanamfundisha kupika samaki mkavu na uji wa mkate. Anapika hivyo miaka kumi na miwili, kimya.

Siku moja anashinda bahati nasibu, faranga 10,000. Wote wanajua sasa ataenda zake. Badala yake anaomba kitu kimoja: kupika dinner ya Kifaransa siku ya kukumbuka miaka mia tangu mchungaji azaliwe. Meli inaleta kasa mzima, mvinyo, na kware, wale ndege ambao mayai yao yalifanya Wakenya wakimbilie kufuga miaka ya 2013. Wazee wanaogopa ni uchawi, wanakubaliana kula bila kusema neno hata moja juu ya chakula.

Wageni kumi na wawili wanakaa. Mmoja ni jenerali aliyewahi kula Paris, na yeye peke yake anatambua kinachoendelea. Hii mkono anaijua. Ni ya mpishi mkuu wa Café Anglais, hoteli kali kuliko zote. Usiku unaendelea, wazee waliokuwa na kinyongo cha miaka wanaanza kusameheana, wanatoka nje kwa theluji wakicheka kama watoto. Hawajui ni chakula kimefanya hivyo.

Jikoni, Babette amechoka, amezungukwa na sufuria chafu. Wadada wanamwambia kwaheri ya Paris. Anawaambia haendi popote. Zile elfu kumi zote zimeisha kwa hiyo meza moja.

Na kuna kitu kingine anakisema kinachokatisha pumzi. Wale matajiri na majenerali waliokuwa wakila kwake Paris ndio waliua watu wake. Anawachukia. Lakini pia anawalilia, kwa sababu wao tu ndio walijua anachofanya. Wamekufa, na hakuna tena mtu wa kumwelewa.

Sasa weka Kamante kando yake.

Mpishi wa kiwango cha juu, ametupwa kati ya watu wasiojua ana nini mkononi. Waliojua kazi yake ni wale wale waliochukua vya watu wake. Anapika chakula na hakai mezani. Hajali pesa kama anavyojali kama sosi imekumbukwa. Baronesi hakuandika mahali kwamba Babette ni Kamante, na siwezi kukuambia hivyo. Lakini ile hali, ya msanii wa jikoni aliyeachwa mahali hakuna ulimi wa kumjua, alikuwa ameiona kwa macho yake, na ameisoma kwa barua zilizoandikwa nje ya posta ya Nairobi.

Tofauti ni kwamba Babette alipata usiku wake. Alipata elfu kumi, kasa, kware na jenerali wa kumtambua. Kamante hakupewa hiyo sura ya mwisho. Labda ndiyo sababu baronesi aliiandika.

Njaa ya mwisho

Wakati stori ya dinner ilikuwa ikisomwa Marekani, aliyeiandika alikuwa akishindwa kula. Maumivu ya tumbo na mgongo yalikuwa yamemshika miaka mingi. Katikati ya miaka ya 50 madaktari walimfanyia opresheni ya vidonda vya tumbo, wakatoa sehemu ya tumbo lenyewe. Tangu hapo uzani uliendelea kushuka, hadi chini ya kilo 40. Aliishi kwa chaza, zabibu na glasi ya shampeni, vitu vidogo ambavyo mwili ulikubali.

1959 alienda Marekani kwa mara ya kwanza. Watu walimkimbilia kama selebu wa muziki. Februari hiyo alikula chakula cha mchana na Marilyn Monroe, kwa nyumba ya mwandishi Carson McCullers nje ya New York. Picha zipo. Pale kuna mrembo maarufu kuliko wote duniani, na kando yake kibibi kimekonda hadi macho tu ndiyo yamebaki, amejipaka wanja mweusi, na kamera haijui imwangalie nani.

Alifariki Septemba 7, 1962, nyumbani kwao Rungsted, ile nyumba aliyozaliwa. Mwili ulikuwa umekosa lishe. Akazikwa chini ya mti kwa bustani yao.

Waliobaki

1964 serikali ya Denmark ilipatia Kenya nyumba ya Mbogani kama zawadi ya uhuru. Muvi ya Out of Africa ilitoka 1985, ikabeba Oscar saba, na mwaka uliofuata nyumba ikafunguliwa kama makumbusho. 1987 Gabriel Axel akatoa muvi ya Babette's Feast, na 1988 ikawa muvi ya kwanza ya Denmark kushinda Oscar ya filamu za kigeni.

Kamante hakuona hiyo. Alikufa 1985. Lakini usidhani aliishia kimya. Mpiga picha Mmarekani Peter Beard, aliyekuwa amehamia karibu na shamba la zamani, alimtafuta, akamchukua kukaa na kufanya kazi kwake. Mzee akaanza kusimulia na kuchora. 1975 kikatoka kitabu, Longing for Darkness, chenye stori za Kamante na michoro ya mkono wake. Aliyekuwa akichorwa na kuandikwa sasa ndiye alishika kalamu.

Makumbusho iko Karen Road. Kutoka tao unaweza kushika mathree ya 111 ya Ngong, ipite Dagoretti Corner, ushukie Karen, ukate na boda. Watalii wengi huingia nyumba kubwa, wanapiga selfi na ile veranda inayoangalia Ngong, wanatoka. Wewe zunguka nyuma. Kuna jikoni imejengwa upya kando, na ndani kuna jiko la kuni la chuma aina ya Dover, kama lile la enzi hizo. Hakuna meza ya kukaa, hakuna mishumaa. Ni jiko, moshi ulioisha zamani, na mahali kijana alisimama akitaja sosi zake kwa majina ya radi na farasi.